Mizizi ya Mkoko Kando ya Msahafu

Katika nyumba zetu nyingi za pwani msahafu una mahali pake, na marufaa yake ipo. Vitabu vingine havina bahati hiyo. Tafsiri, vitabu vya fiqhi na juzuu za watoto hurundikwa kimoja juu ya kingine, au huinama ubavu rafuni hata jalada likapinda na kurasa zikaachana na mgongo wa kitabu. Tiba yake ni vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, vya kuvisimamisha vitabu wima. Tuviite viegemeo.

Katika maduka ya vinyago viegemeo hivi huchongwa sana kwa sura ya ndovu na twiga, kwa kuwa wageni ndio wanunuzi. Hatuwalaumu mafundi, wanatafuta riziki. Lakini rafu yenye msahafu haina haja ya ndovu wa kuilinda. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (r.a.) alijiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza picha. Alimwonya, kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hakumfungia mlango wa riziki ila alimwonyesha mwingine.

Na miti tunayo. Anayetoka Lamu kwenda Pate kwa mashua, maji yakijaa, hupita Mkanda, mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo Lamu. Mizizi yake hutoka shinani juu ya maji, ikajipinda kama matao, ikashuka topeni na kulishika tope lisichukuliwe na mkondo. Fundi wa huku hahitaji kuchorewa umbo hilo. Ubao wa kusimama huwa ndio shina, na matao hushuka hadi kwenye kitako. Cha pili chaweza kuwa tanga la jahazi, ingawa sisi twapenda mikoko pande zote mbili.

Nakshi isiharibu kazi. Kiegemeo ni ubao wa kusimama na ubao wa kulala. Huu wa kulala huingia chini ya vitabu, na uzito wa vitabu vyenyewe hukizuia kisiteleze. Basi uwe mwembamba, la sivyo kitabu cha kwanza kitakaa kama aliyepanda jiwe. Uso unaogusa vitabu uwe laini kabisa, nakshi ibaki nje.

Mbambakofi, mti wa milango yetu, ni mzito na wafaa. Kipande kilichosalia kwenye mlango chatosha. Mwembe huchongeka kwa urahisi lakini wadudu huutoboa. Mwarobaini mchwa hawaupendi. Mkoko wenyewe tuuache majini, tuchukue umbo lake tu.

Wapo wanaomwomba fundi achonge aya juu ya kiegemeo. Twaona ni bora kuacha. Kitu hiki huanguka sakafuni, huchezewa na mtoto, na siku kikivunjika hutupwa jaani.

Imamu al-Zarnuji, katika kitabu chake Ta'lim al-Muta'allim, aliwafundisha wanafunzi kuweka vitabu vya tafsiri juu ya vingine, na wasiweke kitu chochote juu ya kitabu. Rundo la vitabu huivunja adabu hiyo kila siku bila ya mtu kukusudia. Akina mama, ninyi ndio wapangaji wa nyumba: msahafu rafu ya juu, kisha tafsiri, hadithi na fiqhi, na vya watoto chini wanapofikia. Acheni upana wa vidole viwili baina ya vitabu na ukuta, hewa ipite, kwani unyevu wa bahari huleta ukungu.

Jambo moja tuliangalie kwa makini. Watu wa Siyu walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Maandiko ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yamekwisha kupigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza ili yaliyomo yasipotee. Huenda sandukuni mwa bibi pia mna juzuu ya namna hiyo. Ikipatikana, isisimamishwe rafuni wala isibanwe na viegemeo, hata vikiwa vizuri vipi. Ilazwe peke yake, ndani ya kitambaa safi cha pamba, mbali na dirisha, na kabla ya kugandisha ukurasa uliochanika kwa gundi au utepe, aulizwe kwanza mtu wa makumbusho.