Sistimu Iko Mbali, Duka Liko Hapa: Jinsi ya Kuchunga Programu Yako ya Wingu

Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni. Foleni imefika mlangoni. Mteja amelipa shilingi 4,350 kwa simu na salio lake limepungua, lakini skrini ya kaunta inazunguka tu. Keshia anamwambia, "Hebu tuma tena." Mteja anatuma tena. Dakika sita baadaye, malipo yote mawili yanaingia kwa mpigo. Mteja ashaenda, ashajua amekatwa mara mbili, na ashaanza kuwaambia majirani.

Hapo hakuna mwizi. Kuna sistimu iliyo mbali, na mtu wa kaunta aliyelazimika kukisia kinachoendelea huko.

Biashara nyingi siku hizi zinatumia programu ya mauzo ambayo haikai kwenye kompyuta ya duka. Inakaa kwenye wingu. Leo tueleze wingu hilo linafanyaje kazi, unalichunga vipi ukiwa mbali nalo, na ufanye nini likinyamaza.

Wingu ni kompyuta ya kukodi

Ukitumia programu ya wingu, hesabu zako ziko kwenye seva ndani ya kituo cha data. Kituo hicho kinaweza kuwa Nairobi, Ulaya au Afrika Kusini, ambako Amazon ilifungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020 na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024.

Faida zake ni za kweli. Laptopu ya duka ikiibiwa, rekodi zako haziendi nayo. Ukiwa Eldoret, unaona mauzo ya tawi la Kitale bila kupiga simu.

Lakini safari ni ndefu. Malipo moja hupitia simu ya mteja, mtandao wa simu, sistimu yetu ya malipo, seva ya programu yako, intaneti ya duka, halafu skrini ya kaunta. Njia ikikatika popote, keshia anaona kitu kilekile: skrini inazunguka.

Na njia hukatika. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea sehemu kubwa ya Kenya usiku. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua hapa kwetu na kwa majirani. Oktoba 20, 2025, hitilafu kwenye vituo vya Amazon vilivyoko Virginia, Marekani, iliangusha programu nyingi duniani. Hakuna mwenye duka anayeweza kurekebisha waya ulio baharini. Anachoweza ni kujua mapema kwamba kuna shida, na iko upande gani.

"Iko juu" si sawa na "inafanya kazi"

Ukimuuliza fundi wako kama seva iko sawa, mara nyingi atakujibu, "Iko juu." Hilo halitoshi. Sisi wenyewe tumewahi kuwa na dashibodi yenye taa za kijani tupu huku simu za huduma kwa wateja zikilia bila kukoma. Seva zilikuwa macho, lakini jumbe za uthibitisho zilikuwa zimerundikana bila kutumwa. Tulikuwa tunapima mashine, hatupimi kile mteja anachokiona.

Kwa hiyo mwambie fundi wako akuwekee dashibodi inayoonyesha mambo haya manne:

1. Muda. Tangu mteja aweke namba yake ya siri hadi malipo yaonekane kwenye kaunta, ni sekunde ngapi? Jua kawaida yako. Kama kawaida ni sekunde 5 na leo ni 40, shida imeanza hata kama hakuna kilichoanguka.
2. Malipo yaliyofeli. Kati ya kila 100, ni mangapi? Idadi ikipanda ghafla, usingoje mteja alalamike.
3. Malipo yasiyo na jibu. Haya ndiyo hatari zaidi. Tutayarudia hapa chini.
4. Nafasi kwenye seva. Diski ikijaa, programu hugoma, na mara nyingi hugoma siku ya mauzo mengi.

Halafu weka arifa za simu, lakini chache. Arifa ikilia kila saa, watu huizima, na siku ya shida yenyewe hakuna anayesikia. Kila arifa iwe na mtu mmoja wa kuishughulikia, na wa pili kama wa kwanza hapatikani.

Kabla ya kusaini mkataba na mwenye programu, uliza pia anaahidi kuwa hewani kwa asilimia ngapi. Asilimia 99 inasikika vizuri, lakini kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu kuwa chini kwa saa 7 na dakika 12. Asilimia 99.9 inaruhusu kama dakika 43. Fikiria dakika hizo 43 zote ziangukie ile Jumamosi jioni.

Kimya si "hapana"

Kama utakumbuka jambo moja tu katika makala hii, liwe hili. Malipo yana hali tatu, si mbili: yamefaulu, yamefeli, au haijulikani. Skrini ikizunguka, malipo hayajafeli. Hujui tu.

Keshia wako afanye hivi:

- Asimwambie mteja atume tena.
- Amwombe mteja namba ya muamala, kisha aitafute kwenye akaunti yako ya biashara. Asitegemee ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, kwa sababu ujumbe wa bandia upo na unafanana sana na wa kweli.
- Kama haionekani, aandike namba hiyo, kiasi na saa kwenye daftari, kisha apige simu huduma kwa wateja.
- Bidhaa zitoke tu muamala ukithibitishwa, au kama wewe mwenyewe umeamua kumwamini mteja huyo.

Na mwambie aliyekutengenezea programu mambo mawili. Kwanza, kila oda iwe na namba yake ya kipekee, ili ombi likirudiwa lisimkate mteja mara mbili. Pili, programu iulize hali ya muamala wa kwanza kabla ya kuomba malipo tena.

Jioni, kabla ya kufunga, linganisha rekodi za programu na zile za akaunti yako ya malipo. Pesa iliyopotelea katikati huonekana hapo, na ni rahisi kuifuatilia leo kuliko baada ya wiki mbili.

Nani ana ufunguo?

Duka la mbao unalifunga kwa kufuli. Programu ya wingu inaweza kufunguliwa na yeyote mwenye nywila, akiwa popote. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, na ifungwe siku ileile anapoacha kazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti kuu iwe kwa jina na barua pepe yako wewe mwenye biashara, si ya fundi. Mkikosana naye, usijikute unabembeleza uingie kwenye duka lako mwenyewe.

Usisahau nakala ya akiba. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha, huna hakika nayo. Ijaribu angalau mara moja kila miezi mitatu.

Na taarifa za wateja zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Huwezi kuripoti usichokijua, na ndiyo maana tunasisitiza kuchunga.

Karatasi moja kwenye kaunta

Wiki hii, andika karatasi moja uibandike karibu na kaunta: namba ya fundi, namba ya mwenye programu, namba yetu ya huduma kwa wateja, laini ya pili ya intaneti yenye bando, na hatua zile nne za malipo yaliyokwama. Msome pamoja na keshia wako siku ambayo hakuna foleni.

Malipo yakikwama, tupigie ukiwa na namba ya muamala mkononi. Tutaangalia upande wetu na tukuambie pesa imefika wapi, ili mteja wako asilazimike kulipa mara mbili.