Nyumba ya Babu Kijijini: Ibomolewe au Ikarabatiwe?

Ukitangaza tu kwamba unaikarabati nyumba ya babu, washauri hujaa uani: jirani, fundi, mjomba kutoka mjini. Maneno yao bila shaka umeshayasikia. Tuyapime.

"Nyumba ya udongo haidumu." Si kweli. Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, ulijengwa kwa matofali mabichi mwaka 1907 na bado unaswaliwa, kwa kuwa wakazi huukandika upya kila mwaka. Adui wa udongo ni maji. Msingi wa mawe ulioinuka na upenu mpana ndio kinga, na wazee walilijua hilo. Kabla ya kuita katapila, tafuta kwanza paa linavujia wapi.

"Piga lipu ya saruji, ukuta wa udongo utaimarika." Si kweli, na ushauri huu umeziharibu nyumba nyingi zilizokuwa nzima. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa, hutanuka na kunywea. Saruji ni ngumu, haiendi nao, na unyevu haupiti humo kirahisi. Ufa mdogo ukitokea, mvua hupenya na kukwama nyuma ya lipu. Ukuta unalainika taratibu huku kwa nje ukionekana safi, hadi siku lipu inapobanduka na vipande vya ukuta. Kandika kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu, au tumia chokaa. Mafundi wa pwani, Lamu na Unguja, walitumia chokaa kwenye kuta za mawe ya matumbawe kwa karne nyingi. Fundi anayeng'ang'ania saruji muulize: unyevu utatokea wapi?

"Ukiezeka bati, joto haliepukiki." Nusu kweli. Bati tupu huchemka upesi na kulishusha joto lote ndani. Weka dari, acha matundu ya hewa juu ya kuta, paka bati rangi nyeupe, utaona tofauti. Tena bati hukupa maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 60, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 48,000, ingawa zote hazifiki tangini.

"Joto likizidi, sola hutoa umeme zaidi." Si kweli. Paneli hutaka mwanga; ikipata joto sana, umeme wake hupungua. Acha nafasi ya hewa kati yake na bati.

"Moshi wa jikoni hulinda paa la nyasi." Kweli. Moshi na masizi huwafukuza wadudu wanaotafuna nyasi na fito. Lakini anayeuvuta ni mama na mtoto aliye mgongoni: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Fito zitibiwe kwa dawa, na jiko liwe na bomba la kutolea moshi nje. Fedha zikiwa chache, bomba hilo litangulie kabla ya sola na madirisha mapya.