Mahali pa Tishu ya Harufu Katika Pua ya Binadamu: Suala la Maumbile na la Istilahi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu, na kwamba pua ndiyo mlango wa harufu. Sitiari hiyo inafaa kuliko wanavyodhani wengi wanaoikariri, kwani mlango si chumba. Hewa yenye harufu huingia puani, lakini sehemu kubwa ya pua haina habari na harufu hiyo hata kidogo. Sehemu inayoipokea ni ndogo, imejificha juu kabisa, na lugha ya Kiswahili bado haijaipatia jina lililotulia. Makala haya yanaeleza mahali ilipo sehemu hiyo, kisha yanachunguza kwa nini istilahi inayoelekea kuzoeleka, yaani “tishu ya kunusa”, ina kasoro inayoweza kumpotosha tabibu na mgonjwa wake.

2.0 Maumbile

Uwazi wa pua umegawanywa na kiwambo kinachosimama katikati. Kwenye ukuta wa pembeni wa kila upande hutokeza mikunjo mitatu ya mfupa iliyofunikwa na utando: wa chini, wa kati na wa juu. Wanaanatomia waliipa mikunjo hiyo jina la Kilatini lenye maana ya kombe la baharini, na hapana sababu ya Kiswahili, lugha ya watu wa pwani, kulikwepa neno “kombe” katika muktadha huu. Eneo kubwa la uwazi huo limetandikwa utando wa upumuaji, ambao kazi yake ni kuipasha hewa joto, kuitia unyevu, na kunasa vumbi katika ute unaosukumwa kuelekea kooni.

Tishu ya harufu ipo kwingine. Imo darini mwa pua, yapata sentimeta 7 kutoka kwenye mdomo wa tundu, katika mwanya mwembamba ulio baina ya kiwambo na kombe la juu. Hufunika dari lenyewe, ikateremka kidogo kwenye sehemu ya juu ya kiwambo na kwenye kombe la juu. Vipimo vya eneo lake hutofautiana baina ya kitabu na kitabu. Mara nyingi hutajwa sentimeta mraba 2.5 kwa kila upande, ingawa tofauti baina ya mtu na mtu ni kubwa. Isitoshe, mpaka wake hauko kama ulivyochorwa vitabuni. Sampuli zilizochukuliwa kutoka kwa watu hai, ambazo matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, zilionyesha kwamba tishu hii husogea mbele zaidi ya ilivyodhaniwa, hadi karibu na pale kombe la kati linaposhikana na ukuta. Tena haikutandazwa kama mkeka mmoja: ina mabaka, na kadiri umri unavyosonga, mabaka ya utando wa upumuaji huzidi kuchukua nafasi yake.

Juu ya tishu hiyo kuna bamba jembamba la mfupa wa ethmoidi lenye vitundu vingi, ambalo kwa umbo lake linastahili kuitwa bamba chekeche. Ng’ambo ya bamba hilo ni ubongo. Katika tishu zimo seli za aina tatu zinazohitaji kutajwa: seli za neva zinazopokea harufu, seli tegemezi zinazozizunguka, na seli za msingi zinazozaa nyingine mpya. Kila seli ya neva hutoa kichwa chenye vinyweleo vinavyoelea katika ute, na kwa upande wa pili hutoa uzi mwembamba unaopanda. Nyuzi hizo hukusanyika katika mafungu, zikapenya vitundu vya chekeche na kuingia ubongoni. Hapana neva nyingine ya mwili iliyo karibu hivi na hewa ya nje. Pengine ndiyo sababu seli hizi hufa na kuzaliwa upya maisha yote. Vipokezi vilivyo juu ya vinyweleo vilijulikana kinasaba kwa kazi ya Linda Buck na Richard Axel iliyochapishwa mwaka 1991, ambayo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana takribani aina 400 za vipokezi hivyo.

Mtu anapopumua kwa utulivu, ni sehemu ndogo tu ya hewa inayofika darini. Ndiyo maana mpishi anayetaka kujua kama mchuzi umeungua huvuta pua: mvuto huo huipeleka hewa juu. Ipo pia njia ya nyuma, kutoka kinywani kupitia kooni, ambayo kwayo harufu ya pilau hupanda wakati wa kutafuna. Mwenye mafua husema chakula hakina ladha, kumbe ulimi wake ni mzima.

3.0 Kunusa na Kusikia Harufu

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Kiswahili kina mzizi unaozaa vitenzi vitatu: nuka (toa harufu, hasa mbaya), nukia (toa harufu nzuri) na nusa (vuta hewa ili kupata harufu). Vitenzi viwili vya kwanza vina kiima kinachotoa harufu. Cha tatu kina kiima kinachoitafuta. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotaja kuipata. Kwa maana hiyo ya mwisho, mzungumzaji husema anasikia harufu, kwa kitenzi kile kile kinachobeba sauti, njaa, baridi na maumivu. Sentensi “Amenusa lakini hakusikia harufu yoyote” ni sahihi kabisa wala haina mgongano wa maana.

Tofauti hiyo inalingana na maumbile kwa namna ya kushangaza. Kunusa ni kazi ya misuli, mapafu na pua nzima. Kusikia harufu ni kazi ya ile tishu ya darini na ubongo ulio juu yake. Kuiita tishu hiyo “ya kunusa” ni kuipa kazi ya mlango.

Kosa hilo si la kinadharia tu. Katika janga la UVIKO-19, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2019, kupotewa na uwezo wa kusikia harufu kulikuwa dalili mojawapo mashuhuri. Tafiti za mwaka 2020 zilionyesha kwamba seli tegemezi ndizo zenye kipokezi ambacho virusi hutumia kuingilia, wala si seli za neva zenyewe. Wagonjwa wengi hawakuwa na pua iliyoziba. Mgonjwa wa namna hiyo akiulizwa “Unaweza kunusa?” ana haki ya kujibu “Naweza”, kwa kuwa hewa inaingia bila kizuizi. Swali linalomfikia ni “Unasikia harufu?”. Vivyo hivyo kwa mpanda pikipiki aliyeanguka akagonga kisogo: mtikisiko wa ubongo unaweza kuzikata zile nyuzi zinazopita kwenye chekeche, na pua ikabaki nzima kwa nje. Tena asipimwe kwa amonia, kwani mwasho wake hupokewa na neva nyingine, ile ya trijemini, na mgonjwa ataruka hata kama harufu haisikii.

Kwa hiyo “tishu ya kuhisi harufu” ni istilahi bora kuliko “tishu ya kunusa”, licha ya urefu wake. “Tishu ya kusikia harufu” ingekuwa karibu zaidi na matumizi ya watu, ila darasani itagongana na istilahi za sikio, ambako “neva ya kusikia” imekwisha kukaa. Bado limesalia lile donge la ubongo linalopokea nyuzi juu ya bamba. Wapo watakaotaka kuliita “balbu”, lakini kwa Mswahili balbu ni taa. Jina la Kilatini lenyewe lina maana ya tunguu, na neno hilo Kiswahili kinalo.