Mfanyakazi wa Kiwanda cha Silaha Naye ni Mfanyakazi



Serikali za Afrika Mashariki zimeazimia kuunda silaha zenyewe badala ya kununua zote ng'ambo. Tanzania ina Shirika la Mzinga, Morogoro, tangu miaka ya 1970, na Shirika la Nyumbu, Kibaha, lililounda lori lenye jina hilo. Uganda ina Luwero Industries kule Nakasongola. Kenya ilifungua kiwanda cha bunduki Ruiru mwezi Aprili 2021, kwa shilingi bilioni 4, chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Nasi Rwanda tuna REMCO, inayounda bunduki kwa ujuzi wa kampuni ya IWI ya Israeli.

Shabaha ni kujitegemea, na sisi tunaweza kufaidika. Fundi anayekata chuma cha bunduki kwa kipimo kamili anaweza pia kutengeneza kipuri cha mashine ya kukaushia chai. Leo mashine ikiharibika, majani yanaoza huku tukingoja kipuri cha ng'ambo. Lakini faida hiyo itatufikia tu kama ujuzi hautafungiwa ndani ya ukuta.

Tena tuulize: ni nani wanaofanya kazi ndani ya viwanda vya namna hii? Si askari peke yao. Wamo mchomeleaji, fundi umeme, mpishi na mfagiaji. Mtu asije akawaambia kuwa mahali pa siri hapana chama. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1988, unaiachia kila nchi iamue juu ya askari na polisi. Ama raia katika viwanda vya majeshi, Shirika hilo limekwisha kusema kwamba wana haki ya kuunda chama chao.

Mchoro wa bunduki ni siri ya serikali. Mshahara, saa za kazi na vifaa vya kujikinga si siri. Baruti haina mzaha: maghala ya mabomu yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, huko Dar es Salaam, raia waliuawa hata majumbani mwao.

Basi tudai mambo matatu: mkataba wa maandishi kwa kila mfanyakazi raia, kamati ya usalama yenye wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi, na nafasi za mafunzo kwa vijana wetu. Anayelinda nchi kwa nyundo naye alindwe.

Umoja ni nguvu!