Kipimo Kidoleni, Daktari Yuko Wapi?

Zamani mgonjwa aliyetaka kujua hali yake ilimbidi afunge safari na kupanga foleni. Siku hizi kipimo kinamfuata kitandani. Leo tukitazame kimoja tu: kile kidude kinachobana kidole mfano wa kibanio cha nguo, na kutaja kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu.

Hapana uchawi hapo. Damu iliyoshiba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Iliyopungukiwa huwa na weusi. Kidude hupitisha kidoleni miale miwili ya mwanga, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hupima ni kiasi gani kimetokea upande wa pili kila moyo unapopiga. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyeuvumbua msingi huo mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Yalipoenea maradhi ya korona mwaka 2020, madaktari waliona jambo la kutisha: wagonjwa walipungukiwa na oksijeni bila hata kuhisi pumzi kubana. Huko Uingereza, wengi walipewa vidude hivyo wakajipime nyumbani mara tatu kwa siku. Maagizo yalikuwa wazi. Ukipata 95 au zaidi, endelea kujipima. Ukipata 93 au 94, piga simu uulize. Ukipata 92 au chini ya hapo, hospitali mara moja.

Basi tuko salama? Hapo pana neno, nalo latuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi. Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha kidude na damu yenyewe iliyotolewa mshipani. Pale kidude kilipotaja kati ya 92 na 96, damu ilionyesha chini ya 88 kwa takriban vipimo 12 katika kila 100 vya wagonjwa weusi. Kwa weupe vilikuwa kama 4 tu. Rangi ya ngozi nayo humeza mwanga, na kidude kikadanganyika.

Hatusemi kitupwe. Kitumie kwa akili. Futa rangi ya kucha, pasha mkono joto, tulia dakika chache, kisha andika namba na saa. Namba inayoshuka siku hadi siku ni onyo, hata kama bado yaonekana nzuri. Na mgonjwa anayehema kwa shida apelekwe hospitali, kidude kiseme kisemavyo.

Tena, kabla hujatoa fedha dukani, jiulize: namba hii nitampa nani, naye atapatikana saa nane za usiku? Kule Uingereza kidude kilikwenda pamoja na simu ya kupiga na mtu wa kuipokea. Anayenunua kidude peke yake amenunua nusu ya huduma.