Kuku Mgonjwa: Kabla ya Kukimbilia Kisu

KATIKA kaya nyingi za Shinyanga na Geita, kuku wa kienyeji ndiye akiba iliyo karibu kuliko zote. Huyo ndiye anayemkirimu mgeni, na ndiye mama wa nyumba anayemuuza bila kumngoja mume arejee kutoka machimboni. Basi anapoonekana amejikunyata kivulini, mbawa zimeshuka, kauli ya kwanza aghalabu ni moja: "Mwahini kisu kabla hajafa!"

Haraka hiyo ina msingi. Kuku aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni nyamafu, na uharamu wake hauna mjadala. Lakini kuchinja kwa wakati hakuondoi maradhi yaliyomo mwilini. Chakula cha Muislamu hutakiwa kiwe halali na kiwe twayyib, na sharti hili la pili ndilo linalosahauliwa jikoni.

Tabu ni kwamba kuku huficha ugonjwa. Ndege aonyeshaye udhaifu hudonolewa na wenzake, hivyo hujikaza mpaka nguvu zimwishe. Dalili za mapema sharti zitafutwe. Jioni wanapoingia bandani, papasa kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kuku mzima aliyeshinda akichakura hulala nacho kimejaa, na kufikia alfajiri kimekwisha. Kikiwa kitupu wakati wa Magharibi, hakula. Kikiwa kingali kimejaa asubuhi, njia ya chakula ina kasoro. Kisha pitisha kidole juu ya mfupa wa kidari. Ukiwa umechongoka, nyama imepungua siku nyingi, na minyoo ni miongoni mwa mambo ya kushukiwa mwanzo.

Asubuhi soma kinyesi. Kilicho kizuri hushikamana na huwa na ncha nyeupe. Kile cha kahawia chenye kunata, kitokacho mara chache kwa siku, kisikutishe. Ni cha kawaida. Cha kijani chaweza kuwa cha kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, au cha homa ya matumbo ya kuku. Chenye damu, hasa kwa vifaranga, huashiria ugonjwa wa kuhara damu. Kuku akipinda shingo au akikoroma, na wenzake wakaanza kufa, kideri ndicho cha kuogopwa zaidi.

Hata hivyo dalili za nje hufanana mno. Mara nyingi jawabu limo ndani ya mwili, na mzoga mbichi uliopelekwa kwa mtaalamu wa mifugo una faida kuliko uliotupwa kichakani. Akiupasua huweza kuona madoa ya damu katika tumbo dogo linalotangulia firigisi, alama ya kideri. Ini lililovimba lenye rangi ya shaba, alama ya homa ya matumbo. Au damu ndani ya utumbo. Asiyekuwa na mtaalamu karibu auchome au auzike kwa kina, kisha anawe kwa sabuni.

Ukanda wa dhahabu una jambo lake la pekee. Kuku huchakura popote, hata penye makarasha na mialo ya kuchenjulia, ambako zebaki hutumika. Sumu za madini haziuliwi na moto wa jiko. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, vifo vya mabata vilitangulia kuonekana kabla ya kugundulika kwamba risasi iliyomo katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani ilikuwa ikiua watoto. Waliokufa walizidi 400. Mawe ya huko si ya hapa, lakini ndege wanaokufa karibu na karasha wasihesabiwe kuwa ni kideri tu.

Kuna pia desturi ya kumwaga dawa ya unga ya viuavijasumu katika maji ya kuku kila wanapougua. Kideri husababishwa na kirusi, na dawa hizo hazikigusi. Mabaki yake huingia katika mayai na nyama, kwa hiyo muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti uheshimiwe, hata kama mgeni yuko mlangoni.

Kinga ya kideri ni chanjo. Ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine na ambayo hutengenezwa hapa nchini, hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hupewa kuku wazima. Aliyekwisha kuambukizwa haimponyi. Kwa kuwa chupa moja hutosha mamia ya kuku, majirani watano au sita waweza kuchangia na kupanga siku moja, asubuhi na mapema kabla banda halijafunguliwa.