Uvuvi wa Barafu, au Uvuvi Juu ya Barafu?

Mwishoni mwa juma tulisafiri na jamaa na marafiki kutoka Gitega kwenda Muyinga. Tulipovuka mto Ruvubu, mwenzetu aliyewahi kuishi Kanada alitusimulia jinsi familia za huko zinavyopenda "uvuvi wa barafu". Mtoto mmoja akauliza: "Sasa hiyo barafu wanaivua ya nini?" Tulicheka, lakini sisi walimu tulijua kuwa ana haki.

Tatizo ni a-unganifu. "Uvuvi wa ndagala", yaani dagaa, hutaja kinachovuliwa. "Uvuvi wa taa" hutaja chombo. "Uvuvi wa usiku" hutaja wakati. Katika Ziwa Tanganyika yote matatu ni kazi moja, na msikilizaji haelewi vibaya kwa kuwa anaijua. Lakini mtoto wetu hajaona ziwa lililoganda. Barafu aijuayo ni ya friji.

Basi tukaeleza upya. Baridi ikizidi, maji ya juu ya ziwa huganda. Barafu huelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji, na ikiwa imara, yenye unene wa sentimita 10 hivi, humbeba mtu. Mvuvi hutoboa tundu, hushusha mshipi wenye ndoana na chambo, kisha husubiri. "Kumbe wanavua juu ya barafu!" akasema mtoto. Tafsiri sahihi tuliipata kwake.

Zoezi kwa wanafunzi: elezeni kazi ya a-unganifu katika "chai ya maziwa", "chai ya asubuhi" na "chai ya wageni".